Jicho la Askari na Moyo wa Mwizi

Yapo masuali ambayo kila mtu ana jawabu lake kabla suali lenyewe halijamalizika kuulizwa, na hili ni mojawapo: je, kuwapo kwa askari polisi mitaani kunapunguza uhalifu? Muulize mwenye duka aliyevunjiwa usiku wa jana, atakwambia kwamba laiti angalikuwapo askari mmoja tu pale kwenye kona, leo asingekuwa anahesabu hasara. Muulize kijana anayesimamishwa na kupekuliwa mifuko kwa kosa la kuwa kijana, atakwambia kwamba askari wapo tele na wezi wapo tele, wala hawa hawajapata kuwapunguza wale. Muulize mwalimu wa skuli, atakwambia uhalifu ni mtoto wa umasikini na malezi mabovu, na askari hufika baada ya jambo kwisha. Wote watatu husema kwa yakini, na wote watatu, kwa maoni yangu, hujibu masuali matatu yaliyo mbali mbali.

Makala haya hayakusudii kuwapatanisha. Yanakusudia kutazama yaliyojiri katika miji michache ambako askari waliondolewa ghafla, au waliongezwa ghafla, au waligawanywa makusudi ili ijulikane nini kitatokea. Kisha kuuliza suali ambalo naliona ndilo zito zaidi, nalo ni la akhlaki wala si la hesabu. Ikiwa mtu haibi kwa sababu tu askari anamtazama, sisi wengine tumepata nini, na tumekilipia bei gani?

Kwanza tuuondoe mtego mmoja. Mtu akichukua orodha ya miji, akaweka idadi ya polisi upande mmoja na idadi ya makosa upande wa pili, aghlabu ataona kwamba penye polisi wengi ndipo penye makosa mengi. Akisema basi polisi ndio wanaoleta uhalifu, atakuwa sawa na mgeni aliyeingia hospitali ya Mnazi Mmoja, akaona kwamba palipo na madaktari wengi ndipo palipo na wagonjwa wengi, akaondoka na fatwa kuwa madaktari ndio wanaoambukiza maradhi. Polisi hupelekwa penye uhalifu. Kutenganisha kilichotangulia na kilichofuata ni kazi iliyowatoa jasho mabingwa. Mwaka 1997 mwanauchumi wa Marekani, Steven Levitt, alidhani ameipata njia: aliona kwamba mameya huajiri polisi zaidi unapokaribia uchaguzi, na mwizi hana khabari na uchaguzi. Hoja ilikuwa nzuri. Hesabu ndiyo iliyokuwa na kasoro, na mwaka 2002 Justin McCrary aliionyesha wazi. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu, tukishasikia neno "takwimu", huinama kama waliosomewa aya.

Lipo na tatizo jingine, nalo lipo karibu yetu zaidi. Uhalifu unaohesabiwa ni ule uliofikishwa kituoni. Yalipoanzishwa madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi vya Tanzania, mwanamke ambaye jana alikuwa ananyamaza leo amepata pa kwenda kusema. Idadi ya mashauri ikipanda baada ya hapo, je, udhalilishaji umezidi au ukimya umepungua? Daftari halitakwambia. Mahali ambapo watu hawamwamini askari hupungua ripoti, na mkuu wa kituo akasifiwa kwa usalama.

Jaribio lililosifika kuliko yote lilifanyika Kansas City, jimbo la Missouri, Marekani. Kuanzia Oktoba 1972, kwa muda wa mwaka mzima, idara ya polisi ya mji ule, ikishirikiana na taasisi ya utafiti iitwayo Police Foundation, iligawa maeneo 15 ya doria katika mafungu matatu ya maeneo matano matano. Fungu la kwanza liliondolewa doria ya kawaida: gari la polisi halikuingia ila limeitwa. Fungu la pili liliachwa kama lilivyokuwa, gari moja kwa kila eneo. Fungu la tatu liliongezewa magari mara mbili hadi tatu. Mwaka ulipokwisha, watafiti wakiongozwa na George Kelling walikuta kwamba hapakuwa na tafauti ya maana. Uvunjaji wa nyumba, wizi wa magari, unyang'anyi, hata khofu ya wakaazi na imani yao kwa polisi, vyote vilikaa palepale. Wengi wao hawakutambua kwamba kuna kitu kilichobadilika. Ripoti ilitoka mwaka 1974, na kwa miaka mingi baadaye ikawa ada ya wasomi kusema kwamba polisi na uhalifu ni vitu viwili visivyojuana.

Ada hiyo ilikuwa na haraka. Maeneo 15 ni machache mno kwa jambo kubwa kama hilo. Richard Larson, wa chuo cha MIT, alionyesha kwamba katika maeneo yale yaliyodaiwa kuwa hayana doria magari ya polisi yaliendelea kuonekana, maana yaliitwa kila mara, na yalipoitwa yalikwenda kwa taa na ving'ora. Lakini hata tukiiacha kasoro hii, tuangalie kilichopimwa hasa. Kilichopimwa ni gari linalopita. Gari linapita katika mtaa, dakika moja, kisha limekwenda zake, na huenda lisirudi mpaka usiku. Mwizi anayelisubiri lipite hana haja ya subira kubwa. Mtu akiniambia kwamba gari mbili zinazopita hazitishi kuliko moja inayopita, sina la kustaajabu. Mpita njia si mlinzi, hata akiwa amevaa sare.

Basi tuwaangalie wale ambao polisi waliwatoka kabisa. Tarehe 19 Septemba 1944, Denmark ikiwa imekaliwa na Wajerumani, ving'ora vya tahadhari ya ndege vililia Copenhagen bila ya ndege yoyote. Ilikuwa hila. Katika mtafaruku ule majeshi ya Kijerumani yaliingia vituoni na kuwakamata polisi wa Kidenishi, na wapatao 2,000 kati yao wakapelekwa kambi ya Buchenwald. Kuanzia siku ile mpaka vita vilipokwisha Mei 1945, nchi ilikaa bila ya polisi wa kawaida. Wenyeji waliunda vikosi vya walinzi wasio na silaha, ambavyo havikufaa kitu isipokuwa pale mwizi aliponaswa papo hapo na ngozi yake mkononi.

Mwanasheria wa Norway, Johannes Andenaes, ndiye aliyeieneza hadithi hii miongoni mwa wanazuoni wa jinai, na takwimu alizozitegemea zinasema hivi: mwaka 1939 mji wa Copenhagen ulikuwa na visa vya unyang'anyi vipatavyo 10 kwa mwaka, mwaka 1943, kwa dhiki na giza la vita, vilifikia 10 kwa mwezi, na baada ya kukamatwa polisi vikapindukia 100 kwa mwezi. Wizi ulioripotiwa kwa makampuni ya bima ulipanda mara kumi na zaidi. Mahakama zilizidisha ukali wa adhabu kwa wachache waliofikishwa mbele yake, wala ukali huo haukuzuia kitu. Hapa ndipo ningependa msomaji amkumbuke Mtaliana Cesare Beccaria, aliyeandika mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mtu na kosa ni yakini ya kuadhibiwa kuliko ukubwa wa adhabu. Wabunge wetu, kila wanapokasirishwa na kosa fulani, hukimbilia kuongeza miaka ya kifungo. Copenhagen waliongeza miaka, lakini aliyetakiwa kumleta mtuhumiwa mahakamani alikuwa Buchenwald.

Lakini katika hadithi ya Copenhagen lipo jambo dogo ambalo mimi naliona ndilo kiini chake, na ambalo hupitwa upesi. Makosa ya kughushi na ya ubadhirifu, ya karani anayeiba katika sanduku alilokabidhiwa, hayakuonekana kuzidi. Kwa nini? Je, makarani wa Denmark walikuwa watu wema kuliko wapakiaji wa bandarini? Sidhani. Karani hakuwa akimwogopa askari wa mtaani tangu mwanzo. Jina lake limo katika daftari. Fedha zikipungua, anajulikana ni nani. Yeye alikuwa na jicho lake jingine linalomtazama, na jicho hilo Wajerumani hawakulikamata.

Tukilipeleka jambo hili mbele kidogo, tunaona kwamba kila tunaposema "polisi wamepunguza uhalifu" tunakuwa tumekwisha kuchagua uhalifu gani tunaoutaja. Mwizi wa kuku humkwepa askari. Mwizi wa kontena hupita mbele yake ndani ya gari lenye vioo vyeusi, akapigiwa saluti. Ukiweka askari kila kona ya mji kuanzia Bububu mpaka Mtoni, hutapunguza hata senti moja katika mkataba wa zabuni uliotiwa saini na mtu aliyekwisha kulipwa. Sisemi haya ili kulidharau shauri la mwenye kuku. Kuku ni mali yake, na huenda ndiye peke yake aliyenaye. Nasema tu kwamba takwimu za uhalifu, kwa kawaida yake, ni takwimu za makosa ya masikini.

Mji wa pili ni Montreal, Kanada. Tarehe 7 Oktoba 1969 polisi wa mji ule waligoma kwa sababu ya mishahara. Kabla ya usiku wa manane mabenki 6 yalikuwa yameporwa, maduka yapatayo 100 yamevunjwa na kuporwa, na watu 2 wamekufa, jeshi likaitwa. Steven Pinker, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanasaikolojia mashuhuri, alikuwa kijana wa mji huo wakati ule na alikuwa muumini wa nadharia ya kwamba wanaadamu wakiachiwa bila ya dola wataishi kwa wema. Ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2002 kwamba siku ile moja iliiteketeza imani yake yote. Mimi naona alikata tamaa upesi mno. Mji wa watu zaidi ya milioni moja ulikaa bila ya polisi, na walio wengi kabisa walibaki majumbani mwao, hawakuvunja kioo cha mtu. Siku ile inatufunza kwamba wachache wanatosha kuuharibu mji, na kwamba baadhi ya hao wachache walikuwa watu ambao jana yake hakuna aliyewadhania. Haitufunzi kwamba kila mtu ni mwizi aliyekosa nafasi.

Sasa tugeuze upande wa pili, wa miji iliyoongezewa askari. Hapa elimu yetu imetoka mahali pa msiba. Tarehe 18 Julai 1994 bomu lililipua jengo la jumuiya ya Mayahudi liitwalo AMIA mjini Buenos Aires, Argentina, na kuua watu 85. Wiki iliyofuata serikali iliweka ulinzi wa polisi, usiku na mchana, mbele ya kila taasisi ya Mayahudi na ya Waislamu nchini. Walinzi hao waliwekwa kwa kuogopa mabomu. Wezi wa magari hawakuwamo katika hesabu ya mtu. Rafael Di Tella na Ernesto Schargrodsky, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2004, waliliona jambo hilo kuwa ni bahati ya kielimu: askari wamesimamishwa katika baadhi ya mitaa kwa sababu isiyohusiana kabisa na wizi wa mitaa hiyo. Wakahesabu magari yaliyoibiwa. Katika kipande cha mtaa chenye mlinzi, wizi wa magari ulipungua kwa asilimia 75 hivi. Katika kipande cha pili kutoka hapo, haukupungua.

Huko London nako, baada ya mabomu ya tarehe 7 Julai 2005 yaliyoua watu 52, polisi waliongezwa katika mitaa ya katikati ya mji kwa zaidi ya theluthi moja, kwa muda wa wiki sita. Mirko Draca, Stephen Machin na Robert Witt walikuta kwamba uhalifu katika mitaa ile ulipungua kwa zaidi ya asilimia 10. Wiki ya saba askari waliondoshwa, na uhalifu ukarudi pale pale ulipokuwa. Wanauchumi wana ada ya kuyaita mambo kama haya "majaribio ya asili", kana kwamba bomu hunyesha kama mvua.

Kwa hivyo ukimsimamisha askari mahali, pale aliposimama mwizi wa mtaani hujizuia. Hilo, kwangu mimi, halina shaka tena. Lakini angalia jinsi lilivyo finyu. Buenos Aires faida haikuvuka kona. Na wapo waliozirejea takwimu zile baadaye wakahoji kama baadhi ya wizi haukuhamia mitaa ya jirani. London faida haikuvuka wiki ya sita. Hakuna moyo uliogeuzwa. Askari alifanya kazi ya kufuli. Na kufuli, ukiliondoa mlangoni, halikuachii wema wowote juu ya ubao.

Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1651, aliwauliza wale waliomlaumu kwa kuwadhania watu vibaya: mbona ninyi wenyewe mnafunga milango mnapolala, na mnafunga masanduku ndani ya nyumba zenu, hali mnajua kuwa zipo sheria na wapo maaskari? Mwenye kufunga mlango, alisema kwa maana hiyo, anawatuhumu wanaadamu kwa kitendo kama yeye anavyowatuhumu kwa maneno. Wenyeji wa Mji Mkongwe, wenye milango minene yenye njumu za shaba, hawana la kumjibu Hobbes. Hata hivyo hoja yake ina ufa. Mimi nafunga mlango kwa ajili ya mmoja katika elfu, wala simjui ni nani. Na kwa kuwa simjui, kufuli langu linamtuhumu kila mpita njia bila ya kumtaja. Mtu hakereki na kufuli la jirani kwa sababu kufuli halimsimamishi njiani na kumwamrisha atoe kitambulisho. Askari ni kufuli lenye macho, mikono na maoni yake. Tafauti zote za akhlaki zinaingia kwa mlango huo.

Katika kitabu cha pili cha Jamhuri ya Plato, Glaucon anasimulia kisa cha mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane, na mara alipoijua siri yake akamwendea mke wa mfalme, akamuua mfalme na kuutwaa ufalme. Glaucon anauliza kama yuko mtu atakayebaki mwadilifu akiwa na pete ile. Waislamu wa mwambao huu wanalijua suali hilo kwa jina jingine. Ghazali, katika Ihya, ameweka kitabu kizima juu ya muraqaba na muhasaba, yaani mtu kujua kwamba anatazamwa na Mola wake na kujihesabu nafsi yake kabla ya kuhesabiwa. Na kwa anayeishi hivyo, pete haina kazi, kwa kuwa hakuna pa kujificha. Na ipo kauli mashuhuri inayonasibishwa na Khalifa Uthman bin Affan, yenye maana kwamba Mwenyezi Mungu huwazuia watu kwa nguvu ya mtawala na yale ambayo hawazuiliki nayo kwa Qur'ani. Kauli hiyo haina maringo. Inakubali kwamba hata katika umma wenye kitabu, wapo watakaohitaji kufuli.

Wanafalsafa wengi wakifika hapa husema kwamba wema wa kuogopa askari si wema. Ni kweli, lakini ni ukweli unaomhusu mwizi na Mola wake. Bibi aliyerudi kutoka mazikoni akakuta bangili zake zimo kabatini hana haja ya kujua kama ziliachwa kwa taqwa au kwa woga. Akipata utulivu wake, amepata haki yake. Serikali haikupewa mioyo yetu iitunze. Ilipewa njia, masoko na usiku, na ikivitunza hivyo imefanya kazi kubwa.

Nasema hivi nikiwa najua kwamba khofu si moja. Ipo khofu ya kukamatwa ukikosa, na ipo khofu ya kuonewa usipokosa. Ya kwanza ndiyo inayozuia uhalifu. Inafanya kazi kwa sharti moja, nalo ni kwamba asiyekosa asikamatwe. Mtu hujizuia na kosa kwa sababu kujizuia kunamfaa. Kunamtenga na yule aliyekosa. Ukimkamata kijana aliyetoka kuiba na kijana aliyetoka chuoni, ukawatia wote katika gari moja na kuwapiga virungu sawasawa, umekwisha kuifuta tafauti iliyokuwa inamfanya wa pili asiibe. Kwa hivyo naona wanakosea wanaosema kwamba uadilifu wa polisi ni jambo la ustaarabu, la kushughulikiwa baada ya usalama kupatikana. Uadilifu ndio ufunguo wa lile kufuli. Bila ya huo, askari akiongezwa huongezeka uzito tu.

Watu wa visiwa hivi hawahitaji kuelezwa jambo hilo kwa mifano ya mbali. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, Unguja na Pemba zilijaa askari kuliko ilivyo kawaida. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2002, lilikadiria waliouawa kwa risasi kuwa si chini ya 35, na watu wapatao 2,000 walikimbia kwa vyombo hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Sijui kama wizi wa nazi ulipungua Micheweni siku zile. Nikisikia mtu anasema kwa jumla kwamba askari wengi ni usalama mwingi, humwuliza anamkusudia askari wa kazi gani.

Wamarekani nao wamelipima jambo hili kwa upande wao, na majibu waliyoyapata yanachoma pande zote mbili. Utafiti wa Aaron Chalfin na wenzake, uliochapishwa mwaka 2022, umeonyesha kwamba miji ikiajiri polisi zaidi mauaji hupungua, na kwamba roho zinazookolewa, kwa kulinganisha na idadi ya watu, ni za watu weusi kuliko za weupe. Utafiti huohuo umeonyesha kwamba polisi haohao walioongezwa hukamata watu wengi zaidi kwa makosa madogo madogo, na wanaoelemewa zaidi ni watu weusi haohao. Mama mmoja, katika mtaa mmoja, huenda akawa amebakiziwa mtoto mmoja hai na mwingine amefungwa kwa jambo ambalo katika mtaa wa matajiri halitazamwi. Sioni mizani ya kuyapima mawili haya na kupata jibu moja. Wanaopiga kelele "ongezeni" wanamtaja mtoto wa kwanza, wanaopiga kelele "punguzeni" wanamtaja wa pili, na mama anawajua wote wawili kwa majina. Kwa upande mwingine, polisi wa New York walipopunguza makusudi ukamataji wa makosa madogo mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, Christopher Sullivan na Zachary O'Keeffe walikuta kwamba malalamiko ya makosa makubwa hayakuzidi, bali yalipungua kidogo. Wapo wanaobisha. Lakini inaelekea kwamba kusimama kwa askari mahali pamoja na kusumbua kwake watu ni mambo mawili, na linalofaa zaidi ni la kwanza. Kule Minneapolis iligunduliwa katika miaka ya 1980 kwamba kiasi cha asilimia 3 tu ya anwani za mji ndizo zilizotoa nusu ya simu zote za kuwaita polisi. Hao wachache wa kusimama wana mahali pa kusimama bila ya kuuzingira mji mzima.

Tena, askari si jicho peke yake. Jane Jacobs, aliyekuwa akiishi Greenwich Village mjini New York, aliandika mwaka 1961 kwamba amani ya mtaa hailindwi kwanza na polisi, hulindwa na macho ya wakaazi wenyewe, wauza duka, wakaa madirishani. Nasoma maneno yake na kuiona baraza. Waliojenga nyumba za Mji Mkongwe wakaziwekea ukuta wa kukalia nje ya mlango walijenga, pasi na kutaja jina hilo, kituo cha ulinzi: wazee na kahawa yao, wacheza bao na dhumna, kila apitaye akatolewa salamu, na salamu ni njia ya kumwambia mtu kuwa ameonekana. Pale ambapo nyumba zimekuwa hoteli na wenyeji wamehama, baraza zimebaki lakini macho yamekwenda zao. Hapo ndipo huajiriwa mlinzi wa kampuni. Lakini tusiifanye baraza kuwa malaika. Jicho lilelile linalomwona mwizi humwona pia binti aliyechelewa kurudi na mgeni asiyejulikana ukoo wake, na baraza haina jalada la mashtaka wala rufaa.

Sungusungu wa Usukuma na Unyamwezi, waliozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wizi wa ng'ombe, walionyesha uwezo huo na khatari hiyo kwa pamoja. Polisi walikuwa mbali, na waliokuwa karibu hawakuaminiwa. Wanavijiji wakashika pinde na mishale, wakapiga yowe, na wizi ukapungua kiasi cha serikali kuona bora iwatambue, ikairekebisha sheria ya mgambo mwaka 1989. Wakati huohuo wapo waliopigwa, waliofukuzwa na waliouawa kwa tuhuma za uchawi.

Na mjini, pasipo askari wala sungusungu, huja wale ambao magazeti yetu yamewapa jina lisilobadilika: "wananchi wenye hasira kali". Anapigiwa kelele za mwizi kijana mmoja, pengine ameiba simu, pengine amefanana na aliyeiba. Kwa dakika chache mtaa mzima ni hakimu. Wanaodhani kwamba askari akiondoka adhabu huondoka naye hawajasimama karibu na mkusanyiko kama huo. Askari akitokea wakati ule, kazi yake ya kwanza ni kumkinga mwizi kwa mwili wake, na wapo wanaoifanya, wakirushiwa mawe yaliyokusudiwa mwingine. Katika takwimu za mwezi ule kituo kitaandika kosa moja la wizi wa simu, na hapatakuwa na safu ya kuandika mauaji ambayo hayakutokea.